Mguu Uliovunjika Likasi

Kolwezi, Manika, tarehe 3 Juni 2025

Naomie, mwanangu wa ubatizo,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mtoto wa kufungiwa kamba za viatu. Laure Mwamba hakucheza mechi yetu ya mpira wa kikapu kule Likasi akiwa na mguu uliovunjika. Hakuicheza hata dakika moja. Alikuwa benchi, amevaa koti la michezo, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima.

Nakuandikia kwa sababu koo langu halitoi sauti tena. Daktari anauita uvimbe huu kwa jina refu la Kifaransa. Binti yangu Wivine anauita "ule mugeni", nami nimelipenda jina lake zaidi. Mgeni huyu hataondoka peke yake. Tutaondoka pamoja, na hatuko mbali. Simu basi hainifai. Barua hii nampa Kabamba, dereva wa basi la Lubumbashi, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu na bado ananiogopa kiasi cha kutoifungua.

Adèle, mama yako, alikuja Jumapili baada ya ibada. Aliweka fimbo yake chini, akaketi kando ya kitanda, akanieleza habari za goti lako. Limevimba, linajaa maji, daktari wa timu amesema upumzike, nawe umemjibu kwamba fainali ya tarehe 15 utaicheza hata kwa goti moja. Akaniambia maneno uliyomwambia: "Laure alicheza na mufupa umevunjika, na alikuwa mudogo kunipita."

Maneno hayo mimi ndiye niliyekulisha. Ulipolia kwa ajili ya malengelenge, nilikuambia Laure hakulia. Ulipochoka, nilikusimulia Likasi: jinsi meneur wetu, yule anayeongoza mpira, alivyoanguka, akainuka, akacheza hadi mwisho, tukashinda. Siku hizi redio inawalinganisha ninyi wawili kila wiki, yeye nyota wa Ulaya na wewe mtoto unayepanda, na nusu ya mizani yao wameitoa kinywani mwangu. Mwandishi wa kwanza aliyekuja Kolwezi kuuliza Laure alianzia wapi, nilimpa hadithi hiyo. Tangu hapo imezunguka dunia.

Mechi ilikuwepo. Mguu ulivunjika kweli. Ila haukuwa wa Laure. Keti, mwanangu. Usiharibu goti lako kwa kumfuata mtu katika jambo ambalo hakulifanya.

Baba yako wa ubatizo,
Mathieu Mukuna


Lubumbashi, 6 Juni 2025

Tata Mathieu,

Kabamba alinipatia barua yako pale basi inasimama. Akaniambia, "Mwalimu anasema usome ukiwa umekaa." Nilisoma nimesimama.

Tata, nakuombea kila siku, unajua. Lakini hii barua imeniuma kupita goti. Najua ni Mama alikutuma. Tangu alianguka mu shimo la ba-creuseurs, bale bachimbaji, mbele hata mi nizaliwe, anaona mashimo kila mahali. Yeye anatembea na fimbo, njo maana anafikiri kila mutu ataishia na fimbo.

Unasema Laure hakucheza. Tata, Laure mwenyewe alisema ku televisheni! Nilimuona na macho yangu. Alicheka kidogo, akagusa mguu, akasema, "Likasi njo nilijua mi ni nani." Sasa nani anadanganya, weye ao yeye?

Unajua banasema nini huku? Mutangazaji mumoja aliniita "Laure wa soko ya Manika", maana yake kitu cha kuigiza, kinaisha rangi ukifua mara moja. Sasa ku mazoezi Merdi, mwenye tunalala naye chumba kimoja, anapiga kelele: "Laure wa soko, leta mupira! Ao unangojea muteja?" Bote banacheka, na mi nacheka. Kisha banaenda kuoga, mi nabakia napiga mupira ku kikapu mpaka mulinzi anakuja na funguo.

Ku fainali batakuja batu ba timu ya taifa. Banataka kuona kama mutoto wa Kasulo anaweza kuchukua nafasi ya Laure, ju huu njo mwaka wake wa mwisho. Habakuje kila mwaka, Tata. Nikikaa, batasema: "Munaona? Laure alicheza na mufupa, huyu anakataa na goti tu."

Miaka yote ulinipima na yeye. Leo nimefika karibu, unavunja kipimo. Ao weye pia unaona siwezi kumufikia, njo unamushusha ili nisione haya?

Kama si Laure, ni nani? Niandikie jina. Kama hakuna jina, nitacheza.

Mutoto wako,
Naomie


Toulouse, Ufaransa, tarehe 9 Juni 2025

Tata Mwalimu,

Wivine amenitumia picha za barua yako kwa simu. Mwandiko wako umekuwa kama wa mtu anayeandika ndani ya lori linalotembea, lakini niliutambua kabla ya kuona jina. Nimeumia kusikia habari za ugonjwa.

Unaniomba nimwandikie msichana huyo kwamba siku ile sikucheza. Sitafanya hivyo. Nisamehe, au usinisamehe.

Hadithi ile sikuizua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mgeni kabisa huku, wakati mwandishi aliponiuliza kuhusu mguu niliouvunja Likasi. Nilishangaa. Akasema, "Kocha wako ametuambia." Ningejibu nini? Kwetu mtoto hamkanushi mwalimu wake mbele ya wageni; wewe ndiye uliyetufundisha hayo. Nikanyamaza, na kimya changu kikaandikwa gazetini. Mara ya pili niliitikia kwa kichwa. Baadaye nikawa nachechemea kidogo ninaposimulia. Sasa mvua ikikaribia, mguu ule unaniuma kweli.

Nina miaka thelathini na tano na klabu haitanipa mkataba mwingine. Naomie wako nimemtazama kwenye video. Mkono wake wa kushoto unaushinda wangu, na anaiona pasi kabla mwenzake hajaanza kukimbia. Najua anakuja. Karibu kila mahali ameshanifikia, Tata. Pamebaki Likasi tu, nawe unataka nimpe na Likasi.

Kwa kuwa wewe umefungua mlango, nami niulize. Siku ile Adèle alikutazama akitaka kutoka. Mimi nilisimama, nikavua koti. Ukaniambia niketi. Nimelitembeza swali hilo katika nchi nne. Kwa nini?

Laure


Kolwezi, tarehe 11 Juni 2025

Naomie,

Uliniomba jina. Jina ni Adèle. Ni mama yako.

Mama yako hakuanguka katika shimo lolote. Soma polepole, kwa maana sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Babu yako, unamkumbuka, alikuwa mhubiri. Hakukubali binti yake aonyeshe magoti mbele ya wanaume, tena katika uwanja wa parokia ya Wakatoliki. Kwa hiyo Adèle aliaga nyumbani na beseni la mikate kichwani, akisema anakwenda kuuzia wachimbaji Musonoi. Rafiki yake alimpokea beseni njiani, akaenda kuuza. Yeye akaja kwangu. Siku nyingine aliuza kweli, ili akikutwa huko asiwe mgeni. Hivyo ndivyo alivyokuwa nahodha wangu, na watu wakaja kutoka mitaa yote kumwona, na babu yako asijue. Waliomjua babu yako walimpenda Adèle zaidi, wakanyamaza.

Twende Likasi, mwaka 2005. Adèle aliruka, akashukia mguu wa mpinzani. Nilisikia mlio nikiwa benchi, na kelele zote zile. Nilipiga magoti nikamfunga bandeji. Akaniambia, "Tata, kuko kitu kinatembea mu mguu." Nikamwambia, "Simama." Akasimama. Nilimrudisha uwanjani, akacheza hadi mwisho, tukashinda.

Katika lori la kurudi mguu uligeuka rangi. Hakulia kwa maumivu. Alilia akisema, "Baba akijua, atanifukuza." Mimi, mwalimu wa darasa la maadili, nikapata wazo. Tuliposhuka kabla ya kuingia mjini, ilikuwa jioni, saa wachimbaji wanapotoka kazini. Alijifunga pagne, kitenge chake, juu ya nguo za mchezo. Nilimbeba hadi kwenye shimo fupi lililoachwa, kando ya njia yao. Nilimpaka udongo magotini na mikononi. Nikamwekea pembeni beseni tulilolipitia kwa rafiki yake, nikamwaga mikate iliyobaki. Akaniambia, "Tata, enda. Banakuja." Nikaenda. Nilijificha nyuma ya kichaka mpaka nilipoona vijana wanamwinua. Mmoja alikuwa akimtania amfurahishe: "Dada wa mikate, leo shimo limekununua weye!" Walimpeleka kwao mabegani.

Kolwezi hakuna anayeuliza mara mbili kuhusu mguu uliotoka shimoni. Babu yako alishukuru Mungu kwa kuwa yu hai, akamwita mama mmoja wa kumkanda. Laiti ningesema ukweli: mguu ule ulikuwa umekimbia juu ya mfupa uliovunjika, ulihitaji daktari wa mifupa. Sikusema. Ukaunga vibaya.

Kesho yake, katika mechi ya marudiano hapa Kolwezi, Laure alicheza nafasi ya Adèle, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Kulikuwa na mgeni kutoka Kinshasa. Alimchukua Laure. Mengine unayajua kutoka televisheni.

Miaka ilipita, mwandishi akaja kwangu. Hadithi ya Likasi ilikuwa imekaa bure, mwenyewe hawezi kuidai. Nikampa Laure.

Ukazaliwa, nikaomba niwe baba yako wa ubatizo. Mama yako alikubali. Nakumbuka siku nilipokusimulia Likasi mara ya kwanza, nyumbani kwenu Kasulo. Adèle alikuwa uani anachekecha unga. Alisikia kila neno. Ulipokwenda kucheza nilimwambia, "Unataka nimwambie ni wewe?" Akajibu, "Acha, Tata. Nani atataka kufuata kiwete? Mupe Laure."

Sasa unalo jina. Lipime goti lako kwa hilo.

Mathieu


Lubumbashi, 21 Juni 2025

Tata,

Barua yako ilifika Jumamosi, mbele ya fainali. Sikumupigia Mama simu. Sikujua nitaanza na neno gani.

Nilicheza. Nakuambia ukweli, nilicheza, ju nilikuwa na hasira na weye, na Laure, na hata na Mama. Nilianza vizuri sana. Batu ba timu ya taifa balikuwa mbele, nilibaona banaandika. Kisha mu robo ya pili goti lilifanya mulio kidogo, kama kijiti kinakanyagwa. Coach alifanya ishara ya mukono: endelea. Nikainua mukono wangu. Akapiga kelele, "Naomie, endelea!" Nilimuangalia, nikaona uso wako, Tata. Wako kabisa. Nikatoka nikaenda ku benchi mi mwenyewe, bila kuitwa.

Ungesikia uwanja! "Laure wa soko! Kitu kimeharibika, murudishie muchuuzi!" Tulishindwa. Batu ba timu ya taifa balienda bila kunisalimia. Merdi alilia, kisha akaniletea barafu, akasema, "Shika, Mama Kukaa." Njo jina langu mupya.

Daktari amesema kamba ya goti imekatika nusu. Nusu ingine imeshika. Ningebakia ndani, ingeenda yote. Nitakaa mwaka, ao karibu mwaka. Kisha tutaona.

Laure alinitumia neno ku simu. "Umefanya vizuri kukaa." Hakuongeza kitu.

Mama alifika na basi ya Kabamba jana, siku ya Tano. Nilimuambia, "Mama, najua habari ya Likasi." Aliegemeza fimbo ku ukuta. Kisha akacheka, Tata! Akasema, "Mathieu ameongea? Basi kweli anakufa."

Nilingoja alie. Hakulia. Aliinua pagne akanionyesha pale mufupa unapinda, kama mutu anaonyesha kitu cha zahabu. Akasema: "Usimukasirikie Tata yako. Angefanya nini? Hakukuwa mutu wa kuingia pa nafasi yangu. Laure alikuwa angali mutoto. Batu balianza kutulinganisha, banasema Laure anakuja, Laure anakuja. Tata akajibu ku redio ya parokia: 'Musilinganishe mulima na kichuguu.' Mi njo nilikuwa mulima, Naomie. Bengine beko na miguu mibili. Mi niko na mumoja na lile neno."

Sijaona Mama na uso kama ule. Alikuwa kama musichana. Tulilala kitanda kimoja, na alinisimulia mechi yote, pasi kwa pasi, mpaka akalala katikati ya neno.

Lakini mi nacheza ile ile nafasi, Tata, na kuko kitu hakitulie mu kichwa. Barua yako ya kwanza ilisema Laure alikuwa benchi, muzima. Mutoto, sawa. Lakini Kinshasa ilimuchukua kesho yake! Mutu hageuke nyota usiku mumoja. Mama mwenyewe amenisimulia aliomba kutoka, na Laure alikuwa pale. Nani alikuwa anamupita mwenzake? Usinijibu kama ku redio.

Naomie


Kolwezi, tarehe 24 Juni 2025

Naomie,

Wivine ananishikia karatasi isiteleze. Maneno ni yangu, na mengi sina.

Umefanya jambo ambalo sikumruhusu mama yako kulifanya. Sikupongezi, sina haki hiyo. Lakini nimesoma ukurasa ule wa benchi mara nyingi kuliko nilivyosoma zaburi wiki hii.

Unauliza swali ambalo Laure naye ameniuliza. Nakujibu wewe kwanza. Nakala Wivine atampelekea.

Mama yako nilimpata akiwa mdogo, mwembamba, hajui hata kudundisha mpira bila kuutazama. Nilimjenga. Katika mji huu watu walinijua kwa Adèle kuliko kwa vitabu vyote nilivyofundisha. Kisha akaja Laure, mtoto wa fundi umeme, na hakuna aliyemfundisha. Kipaji alikuja nacho. Watu wakaanza kulinganisha, baada ya misa, sokoni, kwenye vijiwe vya pikipiki za taxi-moto. Wenye akili waliniuliza kwa heshima, wajinga walinicheka: "Mwalimu, mutoto wa umeme anamuzimisha Adèle wako!" Ndipo nilipokwenda redioni na neno la mlima na kichuguu. Lilipendwa. Watoto waliliimba njiani. Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi, au sikutaka kuwa nayo.

Mwaka ule, wakati wa Kwaresima, niliwaacha wacheze mmoja dhidi ya mmoja, uwanja mtupu, sisi watatu tu. Niliwasimamisha kabla hawajamaliza. Nikapiga marufuku wasicheze hivyo tena. Mama yako alidhani namhurumia Laure asivunjwe moyo. Hata leo anadhani hivyo; aliwahi kunishukuru kwa ajili ya wema huo.

Na katika Likasi, nilipokuwa nimepiga magoti na bandeji, Laure alikuwa amesimama nyuma yangu, koti limevuliwa. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa Kolwezi waliotufuata kwa malori. Kama angeingia, wote wangeona.

Adèle ameishi miaka ishirini kwa kuamini kwamba nilimrudisha kwa sababu hakukuwa na mwingine. Ndicho kitu pekee nilichomwachia. Sasa kiko mikononi mwako, nami naondoka, na huko kukuachia ni kosa jingine. Ukimwambia, utakuwa umesema kweli. Ukinyamaza, sitakuwa na kinywa cha kukulaumu. Usiniulize lipi ni jema. Mimi nimekuwa mwamuzi mbaya.

Kuhusu wewe na Laure, nani zaidi, wasiniulize tena. Mwambie mtangazaji kwamba Mathieu Mukuna aliwahi kuulizwa swali hilo, kuhusu wasichana wengine, na alijua jibu.

Laure alikuwa amekwisha kumpita mama yako. Nilijua hivyo tangu Kwaresima, na nilijua hivyo nilipogeuka nikamwambia aketi.

Mathieu Mukuna